Filamu ya Akhwari isianze na bandeji

Mhariri,

Kila Olimpiki ikikaribia, picha ya mkimbiaji wetu wa marathoni, John Stephen Akhwari, akichechemea na bandeji mguuni huanza kuzunguka kwenye simu, na haipiti siku utasikia mtu akisema hii ndiyo filamu ya kututoa Watanzania. Wazo ni zuri. Tatizo ni mswada ambao kila mtu anao kichwani: kijana wa Mbulu, hana hili wala lile, anapelekwa Mexico, anaanguka, anainuka, muziki unapanda, ukumbi mzima machozi. Ukiitengeneza hivyo umepata filamu ya huruma na umemdhulumu mkimbiaji. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya Akhwari ni kwamba mnyonge hakuwa.

Tuziangalie namba. Oktoba 20, 1968, marathoni ya Mexico City ilianza saa 9 alasiri pale Zócalo, kiwanja kikuu cha katikati ya mji, katika mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Misuli ya Akhwari ilimkaza. Kwenye kilomita ya 19 hivi, wakimbiaji wakigombea nafasi, akagongwa, akaanguka, goti likateguka na bega likapiga lami. Akafungwa bandeji, akazikabili kilomita 23 zilizobaki. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari alifika kwa 3:25:27, saa moja na dakika tano nyuma yake, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Hapo kwenye “waliomaliza” ndipo watu wanapopita haraka. Wengine kumi na kadhaa waliishia njiani, akiwemo Abebe Bikila, bingwa wa Roma 1960 na Tokyo 1964, aliyetoka kwenye kilomita ya 17 kwa maumivu ya mguu.

Kuna namba nyingine ambayo haisambai pamoja na ile picha. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyo huyo alishika nafasi ya tano katika marathoni kwa saa 2:15:05. Ni dakika tano na ushee chini ya muda uliompa Wolde dhahabu, ingawa Edinburgh haina ule mwinuko wa Mexico, kwa hiyo nyakati hizo haziwekwi kwenye mzani mmoja. Hata hivyo, ni mwendo wa dakika 3 na sekunde 12 kwa kila kilomita, mara 42. Mtu wa kiwango hicho akianguka, kuna kitu kimevunjika mbele ya macho yetu. Mtu asiyejua kukimbia akianguka, ameanguka tu.

Ugonjwa huu wa kufuta maandalizi ili muujiza ung'ae si wetu peke yetu. Filamu ya Chariots of Fire ya mwaka 1981 inamwonyesha Eric Liddell, mkimbiaji wa Uskoti ambaye kwa imani yake ya Kikristo hakukimbia Jumapili, akipata habari kwamba mchujo wa mita 100 wa Olimpiki ya Paris 1924 utakuwa Jumapili wakati anapanda meli. Ukweli ni kwamba ratiba ilijulikana miezi kadhaa kabla, na Liddell aliitumia miezi hiyo kujinoa kwa mita 400, mbio aliyokuja kushinda kwa sekunde 47.6. Mtu aliyeikataa mbio yake bora, kisha akajifunza nyingine upya kwa miezi, ni kisa kitamu kuliko mtu aliyeshtukizwa gatini. Waandishi wa mswada walichagua gati.

Basi atakayeipiga ya Akhwari ampe mtazamaji mwendo kwanza, walau dakika kumi za mtu anayekimbia vizuri, kabla ya kumwangusha. Kazi inaanza na kumchagua wa kuigiza. Mwigizaji asiye mkimbiaji unamjua kabla hajamaliza mita 50: mabega yamepanda masikioni, ngumi zimekazwa, mikono inakata kifua, kisigino kinapiga chini kwanza na kwa nguvu. Mkimbiaji wa marathoni hukanyaga hatua 180 hivi kwa dakika na uso wake umelegea kama wa mtu anayesubiri daladala. Chukueni kijana wa riadha, mfundisheni kuigiza. Mazungumzo yake yapunguzwe yakilazimu, maana mkimbiaji njiani hahutubii mtu.

Kasi ya 3:12 ni kilomita karibu 19 kwa saa, mita 100 kwa sekunde 19. Kijana mwenye afya anaiweza mara moja. Kazi iko kwenye kurudia: kipande cha mita 150 kikipigwa mara 15, amekimbia zaidi ya kilomita mbili kwa vishindo, mwili ukipoa kila kamera inaporekebishwa. Misuli ya nyuma ya paja hukatika hapo. Mpeni dakika tatu au nne kati ya kipande na kipande, atembee, asikae, na vipande vya kasi vipigwe asubuhi.

Gari la kamera si lazima liwe la mamilioni. Bajaji iliyotolewa pazia inafaa sana: iko chini, ubavu wake uko wazi, na kilomita 19 kwa saa inazimudu bila shida. Punguzeni upepo wa tairi ili mitikisiko isiingie kwenye picha, na mwendeshe ubavuni mwa mkimbiaji au nyuma kidogo, maana mkitangulia mbele mnamlisha moshi. Sauti ya hapo itupeni yote. Nyayo zirekodiwe baadaye, mtu yuleyule, viatu vilevile, lami tupu, kinasa sauti kikiwa usawa wa kifundo cha mguu. Na viatu viwe vya soli nyembamba kama vya enzi ile. Soli nene za siku hizi zitawaumbua kwenye picha ya kwanza.

Kuchechemea ndiko kunakoharibu filamu nyingi. Mwigizaji huanza na mguu wa kulia, wakivunja kwa chakula cha mchana, akirudi anachechemea wa kushoto. Kumwambia “kumbuka” hakusaidii. Chini ya bandeji wekeni kipande cha mbao nyembamba nyuma ya goti ili lisikunjike, au kokoto ndogo ndani ya kiatu cha mguu huo, na mwili utakumbuka wenyewe. Bandeji ilegezwe kila baada ya dakika 20 damu ipite. Damu ya kuigiza nayo ina saa yake: nyekundu kwenye kilomita ya 19, ya kahawia iliyokauka kwenye ya 40. Mtu mmoja apewe kazi ya kupiga picha goti hilo kabla na baada ya kila kipande.

Kuingia uwanjani, historia imewapa waandaaji wenye mfuko mwembamba zawadi. Giza lilikuwa linaingia, medali zilishatolewa, na jukwaani walibaki maelfu machache tu. Filamu za michezo huwafilisi watu kwa kutafuta umati wa kujaza uwanja. Hii watu 200 waliotawanywa vizuri wanatosha, na nafasi tupu katikati yao ndiyo ukweli wenyewe. Ila angalieni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi za uwanjani hupwitapwita mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Mkipiga picha za polepole kwa fremu (picha moja moja) 96 kwa sekunde, zikionyeshwa kwa 24 mwanga utapanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa, na hakuna mhariri wa picha atakayewashukuru. Pigeni fremu 50, kila fremu ikipokea mwanga kwa moja ya mia ya sekunde. Mwendo utapungua kwa nusu, na nusu inatosha, maana mtu yule tayari anakwenda polepole.

Wakitaka kuchanganya na picha halisi za 1968, wajue ni mali ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki na hulipiwa. Bei iulizwe mswada ukiwa bado kwenye karatasi.

Limebaki lile jibu lake maarufu alipoulizwa kwa nini hakuacha, kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuanza mbio, ilimtuma maili 5,000 kuzimaliza. Lisemwe mara moja, kwa sauti ya mtu aliyechoka, bila fidla chini yake. Ukipima kwenye ramani, Dar es Salaam hadi Mexico City ni zaidi ya maili 9,000. Asitokee mwandishi wa mswada wa kumsahihisha.

Mpenzi wa riadha,
Arusha