Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Simba wa Sokoke na Mazizi Yetu

Waheshimiwa wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana, hamjambo.

Hesabu zimekaguliwa, mweka hazina atazisoma baada yangu. Dawa ya kuogeshea mbuzi ilifika kwa wakati. Wenzetu wapya wa Kakuyuni na Jilore, karibuni. Najua wengi mmekuja kusikia habari ya simba, basi tuingie humo.

Swali lilizuka humu humu chamani: ikitokea siku watu wakataka kurudisha simba katika Msitu wa Arabuko-Sokoke hapa pwani ya Kenya, sisi tunaopakana nao tutasema nini? Wazee wamesimulia ngurumo za zamani, vijana wakaingiwa na hamu. Simba wa leo wako Tsavo Mashariki. Kamati ikanituma nichunguze waliokwisha kujaribu jambo hili walifikia wapi.

Wa karibu ni Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 ng'ombe walijaa katika hifadhi ya Akagera, na wafugaji wakawamaliza simba kwa sumu. Uzio ulikamilika mwaka 2013, simba 7 kutoka Afrika Kusini wakaja mwaka 2015. Uzio kwanza, simba baadaye. Mpangilio huo umenikaa kichwani.

Uhispania wana linksi, paka mwitu mkubwa mwenye vishungi masikioni kama simbamangu wetu. Mwaka 2002 walikuwa wamebaki chini ya 100. Sasa, pamoja na wa Ureno, wamepita 2,000, na mwaka 2024 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikampunguzia daraja la hatari. Linksi huyo anategemea sungura, na maradhi yalikuwa yamewafyeka sungura. Kwa hiyo waliwashughulikia sungura pia, wakakaa na wenye mashamba, wakatengeneza njia za kupita chini ya barabara, maana magari yalikuwa yanamgonga sana. Kazi ya miaka ishirini na zaidi.

Uskoti, Januari 2025, kuna waliowaachia linksi 4 kwa siri kwenye milima ya Cairngorms, katikati ya baridi kali. Wote wakakamatwa ndani ya siku chache na mmoja akafa. Wafugaji wa huko hawakuulizwa lolote. Aliyefanya hivyo pengine alijiona mpenzi wa wanyama. Mimi namwona mtu aliyetupa mnyama.

Sasa turudi kwetu. Arabuko-Sokoke ni kilomita za mraba 420 hivi, na mashamba yanaugusa kila upande. Humo mna paa nunga, swala mdogo ambaye mwenyewe yuko hatarini. Simba atashiba nini? Jicho lake litatua zizini. Kwa hiyo pendekezo la kamati, nami naliunga mkono kwa moyo wote, ni kwamba chama kisikubali simba.

Lakini simbamangu na mondo, paka mwitu wetu, bado wamo, na hao hawahitaji kuletwa na ndege. Kuku akipotea lawama ni ya mondo, hata kama aliyepita ni kanu, fungo au kijana wa jirani (msicheke, mnawajua). Kisha mtu anatia sumu kwenye mzoga, wanakufa tai na mbwa wake mwenyewe. Tuache kutia sumu. Kamati inaomba idhini yenu mfuko wa chama ukopeshe fedha za wavu wa mabanda ya kuku na milango ya mazizi. Mifugo ikiliwa, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua fidia: piga picha, usifute nyayo, ripoti upesi. Malipo huchelewa, hilo sitalificha, ila asiyeripoti hana hata cha kungojea.

Wanaotuona wagumu wakumbuke mradi wa Kipepeo pale Gede, ulioanza mwaka 1993. Wakulima wa pembezoni walipoanza kuuza pupa wa vipepeo, msitu ulipata walinzi ambao hakuna aliyewaajiri. Nasi tukiona faida, mlango wa mazungumzo uko wazi.

Kura ya mkopo wa wavu itapigwa leo baada ya hesabu. Fomu ziko kwa katibu. Asiyelipa ada ya mwaka amwone kwanza.

Mwenyekiti