Mhariri, mkituwekea wastani tuwekeeni na idadi

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu huu wastani mnaotuwekea kwenye majedwali, mara wastani wa alama, mara wa mapato, mara wa muda wa kusubiri huduma, haipiti siku. Mi sina ugomvi na hesabu yenyewe, kujumlisha na kugawanya kompyuta inajua, ishu ni imegawanya kwa ngapi. Hiyo ndo namba msomaji haioni na mara nyingi hata aliyetengeneza jedwali hajaiangalia, kafungua Excel (ile programu ya majedwali ya kompyuta), kaandika =AVERAGE( ambayo ndo fomula ya wastani, akaburuta mausi mpaka chini akapiga enta, jibu likatoka na desimali mbili, basi likaonekana la kitaalamu.

Chukueni wanafunzi wanne tu. Watatu wamepata 80, 70 na 60, wa nne hakuja siku ya mtihani. Ukiiacha seli yake, yaani kisanduku chake kwenye jedwali, wazi Excel inamruka, inagawanya 210 kwa 3 unapata 70. Ukimwekea 0 inagawanya kwa 4 unapata 52.5. Ukiandika "hayupo" au ukaweka kistari tu, AVERAGE inarudi kwenye 70 manake maneno haiyahesabu, ila kuna nduguye anaitwa AVERAGEA, huyo akikuta neno analihesabu kama 0, kwa hiyo tunarudi tena 52.5. Mtihani uleule, wanafunzi walewale, na hamna aliyedanganya! Lipi ni sahihi inategemea mlikuwa mnataka kujua nini, waliofanya mtihani wamefanyaje au darasa zima liko wapi, na hilo fomula haiamui, anaamua mtu, sasa huyo mtu si atuambie kaamua nini.

Kinachoniudhi zaidi ni namba ambayo sio namba. Mtu kaandika 75kg ndani ya seli, au kaweka herufi O badala ya sifuri ikawa 7O, au data imekopiwa toka kwenye mfumo mwingine ikaingia kama maandishi, ukiangalia kwa macho ni namba kabisa lakini AVERAGE inaipita tu na jibu linatoka zuri bila erra yoyote. Dalili yake ni ndogo, kwa kawaida namba inakaa kulia mwa seli na maandishi yanakaa kushoto, ila kuna watu wanapenda kupanga kila kitu katikati eti ipendeze, basi hata hiyo dalili wameiua. Pembeni ya wastani weka COUNT na COUNTA za eneo lilelile, COUNT inahesabu namba peke yake, COUNTA inahesabu kila seli yenye kitu, zikitofautiana ujue kuna kitu kimerukwa, katafute ni nini. Sekunde chache tu.

Halafu kuna hawa wa kuficha erra. Eneo likiwa halina namba hata moja AVERAGE inaleta #DIV/0!, yaani inakwambia hapa hamna cha kugawanya, mtu anaona inaharibu sura ya ripoti anaifunika na IFERROR, fomula ya kuweka kitu kingine mahali pa erra, inayotoa 0. Sasa ile 0 sio pambo, ni namba, mwisho wa mwaka inaingia kwenye wastani mwingine na kuuvuta chini, wiki ambayo hakuna kilichopimwa inageuka wiki mbaya kuliko zote. Kama lazima ufunike basi itoe maandishi matupu "" ambayo AVERAGE inayaruka, na sio sifuri.

Na wastani wa wastani je? Darasa moja lina watu 10 na wastani wao 80, jingine watu 50 wastani 50. Mnatuandikia wastani wa jumla ni 65. Sio kweli, piga hesabu, 800 na 2,500 ni 3,300, gawanya kwa 60 unapata 55. Kwenye spredishiti ni =SUMPRODUCT(B2:B3,C2:C3)/SUM(C2:C3), wastani ziko kolamu B na idadi ya watu kolamu C (kompyuta nyingine zinataka nukta mkato badala ya mkato, inategemea setingi). Ila kama idadi hamkuandika, hata msomaji anayejua fomula atafanya nini.

Msidhani haya ni ya wanafunzi na makarani tu. Mwaka 2010 wachumi wawili wakubwa wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa utafiti kwamba nchi zilizoendelea deni likizidi asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi kwa wastani unasinyaa kwa asilimia 0.1, na wanasiasa wakaushika kama fimbo ya kudai serikali zibane matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, akaomba faili lao akapewa, kufungua akakuta fomula ya wastani imeishia mstari wa 44 badala ya 49, nchi 5 kati ya 20 hazimo. Lakini hiyo kumbe ndo ilikuwa ndogo. Kubwa ni kwamba miaka kadhaa ya data haikuingizwa na kila nchi ilipewa uzito sawa, New Zealand iliyokuwa na mwaka mmoja tu wa deni kubwa hivyo, wenye ukuaji wa hasi asilimia 7.6, ikalingana na Uingereza yenye miaka 19. Herndon na walimu wake wawili waliporudia wakapata ukuaji wa asilimia 2.2. Reinhart na Rogoff wakakubali kosa la fomula, hayo mengine wakayabishia.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni hili, chini ya kila wastani andikeni umetokana na namba ngapi na seli zilizo wazi mmezifanyaje, mstari mmoja unatosha hata kwa maandishi madogo. Na kwa yale majedwali marefu ambayo gazetini hayaenei, liwekeni faili lenyewe kwenye tovuti yenu likiwa na fomula zake, msituwekee picha.

Msomaji wenu wa kila siku