Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wakulima wa Mpunga wa Bonde la Ruvu, Bagamoyo

Ndugu wanachama,

Habari za vikao, ada na mbegu zimo katika taarifa za katibu na mhazini. Mimi nitazungumzia jambo moja lililotugusa sote baada ya Mto Ruvu kufurika wakati wa masika, nalo ni namna msaada wa serikali unavyomfikia, au unavyompita, mkulima aliyepoteza mazao.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia kijiji na mtaa hadi taifa, chini ya uratibu wa Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwa hiyo msaada huanzia kwenye tathmini ya kijijini, na jina lililokosekana huko ni shida kulikuta wilayani. Hapo ndipo wenzetu kadhaa walipoachwa. Mwanachama wetu mmoja, mama mjane, alikodi ekari mbili kwa makubaliano ya mdomo. Tathmini ilipopita, mwenye shamba ndiye aliyeandikwa, ilhali mbegu, palizi na jasho vilikuwa vya mama huyo. Nilipomtembelea alinionyesha mpunga uliokwisha kuchipua ukiwa bado kwenye masuke, usiofaa kuliwa wala kuuzwa.

Tuelewe pia kwamba msaada wa maafa si fidia, wala hauna sura moja. Baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, serikali ilitanguliza shule, zahanati na miundombinu mingine ya umma, na waathirika wengi wakajijengea wenyewe. Baada ya maporomoko ya tope ya Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023, waliopoteza makazi walijengewa nyumba eneo la Waret. Napongeza hatua hiyo ya Hanang kwa moyo wote. Lakini nasema kwa uchungu kwamba mkulima ambaye paa lake limesalimika huhesabiwa kuwa salama, hata kama ghala lake ni tupu hadi mavuno yajayo.

Kamati imefungua daftari la mashamba, linaloonyesha anayelima, mipaka, zao na tarehe ya kupanda, na kwa mashamba ya kukodi, makubaliano ya maandishi yaliyogongwa mhuri na mtendaji wa kijiji. Naomba kila mmoja wetu ajiandikishe kabla ya masika ijayo, na mkutano huu uteue wajumbe wawili, mmoja wao akiwa mwanamke anayelima shamba la kukodi, ili tuombe washiriki katika tathmini pamoja na kamati ya maafa ya kijiji.