Barua ya wazi kwa vijana wapuliza: tumkumbuke Buddy Collette kwa kazi

Wanangu wapuliza midomo ya bata, yaani saksafoni, klarineti na filimbi,

Salamu ziwafikie nyote, mlio kwenye bendi za dansi, za hoteli, za polisi, za shule na za kanisani. Nawaandikia juu ya mtu ambaye wengi wenu mmemsikia bila kumjua. William Marcel Collette, ambaye kila mtu alimwita Buddy, alizaliwa Los Angeles tarehe 6 Agosti 1921, akakulia mtaa wa Watts, akafariki tarehe 19 Septemba 2010. Kazi yake ya studio ilimfikisha kwenye rekodi za Frank Sinatra, Ella Fitzgerald na Nat King Cole. Wapuliza wa studio hukaa nyuma ya mwimbaji, na enzi zile majina yao mara nyingi hayakuandikwa hata kwenye jalada. Ndiyo maana naona wajibu kumtaja, na kueleza ni kitu gani hasa cha kumkumbukia.

Alipokuwa kijana, Los Angeles ilikuwa na vyama viwili vya wanamuziki: Local 47 cha wazungu, na Local 767 cha weusi kilichokuwa na makao yake Central Avenue. Kazi nono za filamu, redio na baadaye televisheni zilipita kwa wazungu. Weusi waliambiwa kwamba hawasomi noti sawasawa na kwamba muziki wa okestra si wao. Collette na wenzake, akina Marl Young, Red Callender na Benny Carter, walidai vyama viunganishwe, na papo hapo wakaunda okestra ya mazoezi ambamo weusi na wazungu walikaa kiti kwa kiti wakisoma karatasi zilezile. Mwenye shaka alikaribishwa asikilize. Tarehe 1 Aprili 1953 vyama vikawa kimoja. Kabla hata ya siku hiyo, kiongozi wa bendi Jerry Fielding alikuwa amekwisha kumpa Collette kiti katika bendi ya kipindi cha mchekeshaji Groucho Marx, akawa mmoja wa weusi wa kwanza kuingia bendi ya studio ya kipindi kilichokwenda nchi nzima.

Mlango ulipofunguka alikuwa tayari, na hili ndilo ninalotaka mlishike. Wakati wa vita alipuliza katika bendi ya jeshi la majini. Vita vilipokwisha alirudi darasani kusomea filimbi na klarineti, ingawa tayari alikuwa mtu mzima anayelipwa kwa saksafoni. Kwa hiyo mpangaji wa muziki alipoandika filimbi ukurasa wa kwanza, klarineti ukurasa wa pili na saksafoni ya tena ukurasa wa tatu, hakuhitaji kuita watu watatu. Mwaka 1955 alipoingia kwenye kundi la watu 5 la mpiga ngoma Chico Hamilton, pamoja na Fred Katz kwenye chello, Jim Hall kwenye gitaa na Carson Smith kwenye besi, ujuzi huo ndio uliowapa rangi zote zile. Chello na filimbi katika jazi lilikuwa jambo geni, nao walilifanya lisikike kana kwamba limekuwapo siku zote.

Sasa niseme nanyi juu ya kazi yenyewe.

Mnapofanya mazoezi anzeni na filimbi, midomo ikiwa bado mipya. Ukianza na saksafoni, ridi, ule ulimi wa mwanzi kwenye kidomo, hutikisa mdomo wa chini mpaka ukafa ganzi kidogo, na filimbi itakayofuata itatoa pumzi nyingi kuliko sauti. Mwenye saa 1 tu agawe dakika 20 filimbi, 20 klarineti, 20 saksafoni, na nusu ya kila fungu iwe noti ndefu. Kwenye filimbi angalieni kwanza kizibo cha ndani ya kichwa. Ile fimbo ya kusafishia ina mstari. Ukiiingiza mpaka mwisho, mstari unatakiwa uonekane katikati ya tundu la kupulizia, milimita 17 hivi kutoka kwenye kizibo. Kikisogea, oktava hazikubaliani, na kijana hulaumu midomo yake mwaka mzima bure.

Mdomo wa saksafoni na wa klarineti si mmoja. Jipimeni hivi: puliza kidomo cha saksafoni ya alto peke yake, yaani kile kipande kinachoingia mdomoni, bila shingo. Kikitoa A ya piano, umebana kiasi cha muziki wa okestra. Wapuliza jazi wengi hushuka chini ya hapo. Kidomo cha tena kitoe G. Cha klarineti, kikiwa na pipa lake, kile kipande kinachofuata kidomo, kitoe F shapu. Anayepeleka ulegevu wa saksafoni kwenye klarineti hupata sauti iliyolala na iliyo chini. Anayepeleka ubanaji wa klarineti kwenye saksafoni hupata sauti nyembamba iliyopanda.

Klarineti ndiyo inayowaumbua wapuliza saksafoni, na ina sababu mbili. Ya kwanza ni matundu 7 yanayozibwa na nyama ya kidole chenyewe. Kwenye saksafoni padi, yaani kifuniko cha tundu, inakufunikia hata kidole kikikaa upande. Kwenye klarineti upenyo mdogo kama unywele unatosha kuifanya ilie kwa ukali mbele ya maikrofoni. Ya pili ni umbo. Saksafoni ni bomba la umbo la koni linalopanuka, na filimbi ina uwazi pande mbili, kwa hiyo ukipanda rejista, yaani tabaka la sauti, unapata noti ileile oktava 1 juu kwa vidole karibu vilevile. Bomba la klarineti ni la upana mmoja na limezibwa upande wa kidomo, hivyo linaruka nusu toni 19. Vidole vilivyokupa G ya chini vinakupa D ya juu. Hakuna njia ya mkato hapo. Jifunzeni skeli za rejista mbili kama ala mbili, kisha piteni kwenye kivuko cha A kwenda B polepole, vidole vya mkono wa kulia vikiwa vimekwisha kushuka kabla ya kuvuka.

Zoezi la kubadili ala halina mbadala. Weka metronomu mapigo 120 kwa dakika. Puliza alto vipimo 8, nyamaza vipimo 4, uingie na filimbi. Vipimo 4 vya mapigo manne ni sekunde 8. Ukizoea punguza viwe 2, sekunde 4. Ndani ya muda huo unaweka alto kwenye stendi bila kugonga, unashika filimbi, unavuta pumzi, na noti ya kwanza inaingia ikiwa na mwinuko sahihi. Kinachoharibika mara nyingi ni hicho cha mwisho, maana ala iliyokaa imepoa, na ala baridi iko chini. Kila nyuzi 1 ya joto ni karibu senti 3, na senti 100 ni nusu toni. Ukisawazisha barazani kwenye nyuzi 30 ukaingia studio yenye AC ya nyuzi 18, hesabu inafika senti 36 kabla pumzi yako haijaipasha. Basi katika vipimo unavyosubiri, pitisha pumzi ya moto ndani ya ala kimyakimya, vidole vyote vikiwa vimefunga.

Ridi zinataka utaratibu. Weka 4 kwenye mzunguko, ziandike namba kwa penseli, na ridi mpya siku ya kwanza isizidi dakika 5 hadi 10. Kwetu pwani zikifungiwa mbichi kwenye kikopo huota ukungu. Zipanguse, zilaze juu ya kioo mpaka zikauke, ndipo zifungwe. Studio yenye AC ina tatizo la kinyume: ncha hukauka ikajikunja mawimbi wakati unapuliza ala nyingine, na noti ya kwanza haitoki. Ivike kidomo kofia yake, na uilowanishe tena vipimo kadhaa kabla ya kuingia.

Kisha kuna G shapu ya alto. Padi yake hukaa imefungwa muda wote, unyevu unajikusanya pembeni mwake, ngozi inanata kwenye ukingo wa tundu. Unabonyeza, kibonyezo kinashuka, padi haiinuki, na inatoka G badala ya G shapu katikati ya sentensi nzuri. Chukua karatasi ya sigara, ipitishe chini ya padi, ifunge padi taratibu, uhesabu mpaka 3, uifungue, ndipo uitoe karatasi. Usiivute karatasi padi ikiwa imefunga, utachana ngozi. Wala msitie poda. Ikichanganyika na mate inakuwa gundi. Fanyeni hivyo kabla ya kila kurekodi, hata kama jana ilifunguka vizuri.

Maikrofoni ya saksafoni isiingie kwenye kengele, ule mdomo mpana wa ala, kwa sababu noti za chini zitavuma na za katikati zitapotea. Ikae sentimita 30 hivi, ikielekea mahali vidole vya mkono wa kulia vilipo. Ya filimbi iwe juu kidogo ya kichwa cha ala, nje ya njia ya pumzi. Vueni bangili na saa. Noti ya mwisho ikiisha, msisogee mpaka fundi aseme. Vyuma vikigonga kwenye mkia wa sauti, mkupuo mzima umekwenda.

Na someni noti. Mwimbaji akisema C, filimbi inapuliza C, klarineti na tena zinapuliza D, alto inapuliza A. Hii ijulikane bila kufikiri, katika kila ufunguo, maana mwimbaji akishusha wimbo nusu toni dakika ya mwisho hakuna atakayekuandikia karatasi mpya. Vijana wengi wa kwetu wana masikio makali sana, nami nayaheshimu, lakini sikio linahitaji kusikia kwanza. Studio inamlipa anayepatia mara ya kwanza.

Upande wa Collette ninaoupenda zaidi ni wa ualimu. Alimkuta Charles Mingus akiwa kijana wa chello, akamtaka ashike besi. Alimfundisha Eric Dolphy, na mwaka 1958 Chico Hamilton alipohitaji mpuliza, Collette alimpendekeza Dolphy. James Newton, bingwa wa filimbi, naye alipita mikononi mwake. Mwaka 1994 alishiriki kuanzisha JazzAmerica, ili vijana wafundishwe bila ada. Kiharusi cha mwaka 1998 kilimnyang'anya ala, lakini hakikumwondoa kwa wanafunzi.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Mkiitwa kazi msiyoiweza kwa sababu ya nafasi, msiseme tu hapana. Tajeni jina la mdogo wenu aliyejiandaa, na mkae naye juu ya zile karatasi siku moja kabla. La pili, undeni mazoezi ya kusoma ya kila wiki, ya muda wa saa 2, alto 2, tena 2, baritoni 1, na filimbi na klarineti zikiwa miguuni mwa haohao. Polisi akae na wa kanisani, mwenye kazi akae na asiye nayo, wasichana wapewe kiti cha kwanza kama wavulana. Kila wiki karatasi mpya 3 ambazo hakuna aliyeziona, zipulizwe mara 2 tu bila kusimama, kisha zirekebishwe. Mwenye kufahamu ukumbi wenye viti 12 na taa ya kutosha kusomea awaambie wenzake wiki hii.

Mzee wenu