Tunalipia Paa Linalovuja

Kwako Mhariri,

Nimekuwa mke wa mwanajeshi kwa miaka 17 na sijawahi kuliandikia gazeti, lakini taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu gharama ya nyumba za serikali imenichoma. Msomaji angedhani familia za wanajeshi hukaa bure. Hatukai bure.

Tulipopewa kota, yaani nyumba ya serikali, katika kambi moja huku Bonde la Ufa, marupurupu ya nyumba yaliondolewa kwenye mshahara wa mume wangu mwezi uleule, hata mizigo hatujaifungua. Chumba cha kulala ni kimoja nasi tu watano. Masika ya mwaka jana paa lilianza kuvuja juu ya kitanda cha watoto. Nikawa naamka usiku kumwaga karai na kugeuza godoro, baba yao akiwa Somalia, ambako majeshi yetu yaliingia Oktoba 2011. Nilikwenda ofisini mara nne. Mara ya nne karani alifungua daftari, akaliandika jina langu upya ilhali lilikuwa papo hapo, mistari mitatu juu, akaniambia nisubiri. Mabati yalibadilishwa baada ya miezi 5, na katika miezi hiyo yote hatukupunguziwa hata shilingi moja. Ningekuwa nimepanga mitaani hapa Nakuru, Free Area au Kiamunyi, ningemzuilia mwenye nyumba kodi yake, au ningehama; pesa inayokatwa kabla hatujaiona nitaizuiliaje?

Juu ya hayo, mume wangu hukatwa ada ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 ya mshahara wote, kama waajiriwa wengine chini ya sheria ya 2024. Sina kinyongo na Wakenya watakaopata nyumba hizo. Lakini mtu anayehamishwa kila baada ya miaka michache, na kila mara watoto wanahitaji sare mpya za shule (hilo nalo lina uchungu wake), atanunua nyumba mji upi, na ataikalia lini?

Naomba ada inayokatwa wakaazi wa kota ikarabati kota. Tarehe 1 ya kila mwezi afisa akague paa, choo na bomba, atie sahihi kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kimoja kikiwa kibovu, turudishiwe nusu ya makato ya mwezi huo. Viwili vikiwa vibovu, turudishiwe yote. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa, na watoto wangu wamo.

Mke wa mwanajeshi,
Nakuru