Barua kwa mwanangu: hiyo tiketi ya kurudi ibadilishe

Mwanangu,

Mama yako kaniambia kila kitu, kwamba unasafiri kwenda kufanyiwa operesheni ya urembo, kupunguzwa tumbo na kunyonywa mafuta. Usianze kumlaumu maana ningejua tu. Na sikuandikii kukukataza, we ni mtu mzima, mwili wako na hela yako, na hayo maneno ya mbona uko vizuri hivo hivo najua mashangazi wameshakushibisha. Mi ugomvi wangu ni na tiketi. Operesheni Jumatatu, alafu Ijumaa asubuhi upo kwenye ndege masaa tisa. Hapana mama.

Watu wanadhani hatari ni mshono kufumuka huko angani. Shida kubwa ni damu kuganda. Ukichanwa, mwili unaelewa umeumia kwa hiyo unaiongezea damu nguvu ya kuganda ili usivuje, na hapo unakusaidia, lakini wakati huo huo umelala tu, miguu haifanyi kazi, damu ya miguuni inatembea polepole, na donge linaweza kujitengeneza kwenye mshipa wa ndani kabisa wa mguu. Likikaa hapo mguu unavimba. Likimeguka likapanda mpaka kwenye mapafu mtu anaweza kufa ndani ya muda mfupi sana, hata kama asubuhi alikuwa anapiga stori. Sasa safari ndefu peke yake, kwa mtu mwenye afya yake ambaye hajaguswa na kisu, inaongeza hatari hiyo hiyo: Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2007 kwamba kusafiri umekaa zaidi ya masaa manne kunaifanya iwe kama mara mbili. Kwa mtu mwenye afya bado ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Ila we hutapanda kama huyo mtu, utapanda umetoka kwenye nusu kaputi, una kidonda kikubwa tumboni, unatembea umeinama, yaani hatari mbili umezibebesha mwili mmoja kwa wakati mmoja.

Siku ngapi basi? Chama cha madaktari wa upasuaji wa plastiki cha Marekani kinasema siku 5 mpaka 7 ukinyonywa mafuta au ukiongeza matiti, na siku 7 mpaka 10 kwa mambo ya usoni, pua, kope, kuvuta ngozi. Kwa waliopasuliwa kifua au tumbo, CDC, kile kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, inasema wasipande ndege angalau siku 10. We unataka kupunguzwa tumbo na kunyonywa mafuta kwa mpigo, kwa hiyo shika hiyo ya 10 na uihesabu kama mwanzo tu, sio ruhusa, maana hizo siku ni za mtu anayepona vizuri bila homa bila kuvuja. Mimi ningekaa wiki mbili. Na hata ukifika hizo siku, kama mirija ya kutolea maji ya kidonda haijatolewa au daktari hajakuangalia kidonda kwa macho yake siku moja mbili kabla ya safari, usiondoke.

Nimeangalia hiyo pakeji waliyokutumia. Hoteli usiku nne, gari la airport, operesheni, kila kitu ndani. Sasa jiulize hizo siku nne kazipanga nani, daktari au muuza pakeji? Mpigie daktari mwenyewe umuulize ana mpango gani wa kuzuia damu kuganda, kama atakupa sindano za kuzuia damu isigande na kwa siku ngapi, na akikujibu kwamba wateja wake wote wanarudi siku ya nne na hakuna shida, hapo mi ningetafuta daktari mwingine. Mwambie pia dawa zote unazotumia, na za uzazi wa mpango ndani yake (baba anaandika hili huku kafumba macho), kwa sababu zile zenye homoni ya estrojeni zinaongeza kuganda kwa damu. Usiziache kimya kimya mwenyewe, mwambie aamue. Sigara pia, najua unavuta.

Ndani ya ndege kwenyewe hewa ni kama uko mlimani, mita 1,800 hivi mpaka 2,400. Oksijeni inapungua kidogo, na kama ulipoteza damu nyingi utasikia kizunguzungu wakati jirani yako anakula vizuri tu. Gesi yoyote iliyobaki tumboni inapanuka kama theluthi moja, sasa fikiria na mshono mbichi. Ila lile la rafiki yako kwamba matiti ya silikoni yanapasuka hewani mwambie aache, ndani ni jeli, sio hewa.

Siku ya kurudi chukua siti ya korido, uinuke utembee kila baada ya muda, ukikaa chezesha vifundo vya miguu, maji unywe, pombe na dawa ya usingizi achana nazo kabisa maana ukilala masaa sita bila kusogea ndo tunarudi kule kule. Soksi za kubana miguu umwambie daktari akupimie saizi, zisizokaa sawa zinaumiza. Omba kiti cha magurudumu airport na wala usione aibu, na begi usinyanyue, hata lile dogo la juu. Waulize shirika la ndege mapema kama wanataka barua ya daktari, wengine wanakugeuza mlangoni. Na bima yako ya safari isome vizuri, nyingi hazilipi matatizo ya upasuaji wa urembo, bora ujue sasa hivi kuliko ukiwa wodini.

Ukisharudi usijione umemaliza, donge linaweza kuja wiki kadhaa baadaye. Kigimbi cha mguu mmoja kikivimba, kikauma, kikawa cha moto, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi ikikata ghafla, kifua kikachoma ukivuta hewa, ukakohoa damu, hiyo ni emajensi, usinipigie mimi kwanza. Na uwaambie umefanyiwa operesheni na umepanda ndege, usifiche kwa aibu, wasipojua hawatatafuta. Karatasi za ulichofanyiwa zote uje nazo.

Piga kwa watu wa tiketi leo uulize kubadilisha tarehe ni shilingi ngapi, na hizo siku za ziada za hoteli. Hiyo hela ntatuma mimi. Ya operesheni jilipie mwenyewe.

Baba