Stuart Hall asikatwe vipande

Mhariri,

Tunaomba nafasi kidogo. Wanaomtaja Stuart Hall, msomi wa Uingereza aliyechunguza utamaduni na jamii, humgawa: wengine wanamtaka wa muziki, wengine wa ubaguzi wa rangi, wengine wa elimu. Akishakatwa hivyo, msomaji haoni tena alikuwa anafanya kazi gani.

Alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1932, akaenda kusoma Oxford 1951. Baadaye alifundisha London, katika shule ya waliokwama kwenye mtihani wa kuchuja watoto wa miaka 11. Kitabu alichoandika na Paddy Whannel mwaka 1964 kiliwalenga walimu, kikiwaambia: usimwambie mwanafunzi muziki wake wote ni takataka. Sikilizeni nyimbo mbili za aina moja, mtafute ipi imetungwa kwa ufundi na ipi imefyatuliwa kama tofali. Kupima pop kwa Beethoven hakumfundishi mtu kitu.

Jicho hilohilo ndilo lililozaa kitabu Policing the Crisis (1978), alichoandika na wenzake wanne. Mwaka 1972 magazeti ya Uingereza yalitangaza ukabaji (mugging, yaani kupora watu mitaani kwa nguvu) kuwa uhalifu mpya. Hall na wenzake wakauliza: umehesabiwaje? Sheria haikuwa na kosa lenye jina hilo, hivyo takwimu ziliokotwa kwenye makosa yaliyoandikishwa kwa majina mengine. Ukibadilisha kinachotiwa kapuni, asilimia hupanda hata kama wezi ni walewale. Kisha jaji anataja hofu ya umma anapotoa adhabu kali, na gazeti linaripoti adhabu hiyo kama ushahidi wa hatari. Kijana mmoja wa Handsworth, mtaa wa Birmingham, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 katika kesi iliyoitwa ya ukabaji. Punde "mkabaji" likasomwa "kijana mweusi, mtoto wa wahamiaji", hata pasipoandikwa hivyo.

Kasoro zilikuwepo. Utafiti wa kituo alichokiongoza cha kuchunguza utamaduni, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, kuhusu mavazi, rege na vijiwe vya vijana ulikuwa wa wavulana mno; watafiti Angela McRobbie na Jenny Garber walilisema hilo ndani ya mkusanyiko wa makala za kituo hicho wa 1976. (Kituo kinachochapisha wakosoaji wake kina afya.)

Basi mkiandika "wimbi la uhalifu", wekeni kando ya asilimia idadi yenyewe, mwaka wa kuanzia na makosa yaliyojumlishwa. Kutoka kesi 4 hadi 8 nako ni ongezeko la asilimia 100.

Walimu wa sosholojia